Gari Haliharibiki Siku Moja: Historia Fupi ya Ukaguzi, Kutoka Brussels Hadi Kwetu

Dereva aliyekwama njiani husema, "Gari limeniharibikia." Wapenzi wa sarufi tunaiona hapo kauli ya kutendea ikifanya kazi yake: dereva anakuwa mtu aliyefikwa na jambo, sawa na mtu aliyenyeshewa na mvua. Lakini fundi akifungua boneti, mara nyingi hukuta habari tofauti. Oili imekuwa nyeusi kama lami, mkanda wa feni una nyufa za siku nyingi, na maji ya rejeta yalianza kupungua wiki kadhaa zilizopita. Gari hilo halikuharibika leo. Lilikuwa likiharibika kidogo kidogo, na hakuna aliyelitazama.

Wahenga walishatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika makala haya tunafuatilia jinsi onyo la namna hiyo lilivyogeuka kuwa sheria kwa upande wa magari. Tumechagua kuanzia Quartier européen, mtaa wa Brussels zilipo ofisi kuu za Umoja wa Ulaya, kwa sababu hapo ndipo kanuni za ukaguzi wa magari za nchi nyingi za Ulaya zilipojadiliwa na kupitishwa. Hoja yetu ni hii: kulitunza gari kulianza kuwa kazi ya dereva, kukahamia kwa fundi wa gereji, kisha kukawa wajibu wa dola. Lakini dola ina mipaka. Magari huivuka mipaka hiyo kila siku, ila kumbukumbu ya namna yalivyotunzwa hubaki nyuma, na anayelipa gharama ya pengo hilo ni sisi.

Mtaa wa farasi

Kabla ya kuitwa mtaa wa Ulaya, sehemu hiyo iliitwa Quartier Léopold, na jina hilo bado linatumika. Ulianza kupangwa mwaka 1837, miaka michache tu baada ya Ubelgiji kupata uhuru, ukawa makazi ya matajiri. Nyumba nyingi za mabwana hao zilikuwa na malango mapana ya kupitisha farasi na magari yao. Neno letu "gari", tulilolipata kutoka Kihindi, lingefaa kabisa kwa vyombo hivyo vya magurudumu vilivyokokotwa na wanyama.

Farasi alikuwa na faida moja ambayo injini haina: akiwa na njaa hulia, na akiumia kwato huchechemea. Mtunza farasi hakuhitaji sheria ya kumwambia amkague mnyama kila asubuhi. Injini haina lugha hiyo. Huendelea kufanya kazi na oili mbovu mpaka siku inaposimama. Kwa hiyo watu walipoacha farasi na kuingia kwenye motokaa, ilibidi wajifunze upya tabia ya kukagua kitu ambacho hakilalamiki.

Mwishoni mwa mtaa huo, upande wa mashariki, kuna bustani ya Cinquantenaire iliyotengenezwa kwa maonyesho ya mwaka 1880, Ubelgiji ilipotimiza miaka 50. Tao lake kubwa lilikamilika mwaka 1905 kwa msukumo wa Mfalme Leopold II, aliyetajirika kwa mali ya Kongo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1930, maonyesho ya magari ya Brussels yalifanyika katika kumbi za bustani hiyo kabla ya kuhamia Heysel. Hatuwezi kupita hapo bila kukumbuka tairi. Tairi la upepo lilianza kuenea baada ya mwaka 1888, kwanza kwenye baiskeli na baadaye kwenye magari, likaongeza mahitaji ya mpira duniani. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyodumu toka 1885 hadi 1908, mpira huo ulikusanywa kwa viboko, mateka na mauaji. Kwa hiyo historia ya gari la Brussels na historia ya Afrika zilikutana mapema sana, miaka mingi kabla ya magari ya mitumba.

Dereva alipokuwa fundi

Madereva wa kwanza hawakuwa na gereji ya kukimbilia. Mfano maarufu ni wa Bertha Benz, mke wa Carl Benz wa Ujerumani. Mwezi Agosti 1888 alichukua gari la mumewe pamoja na wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Inasimuliwa kwamba bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipokwisha alinunua dawa ya kuondolea madoa kwenye duka la dawa la Wiesloch. Breki za mbao zilipolika aliwaomba mafundi viatu wazipigilie ngozi. Safari ile ya kwanza ya mbali ilikuwa pia darasa la kwanza la matengenezo, na aliyerudi kutoka safarini aliweza kumweleza mtengenezaji kasoro za gari lake.

Hata neno la Kifaransa la dereva, *chauffeur*, asili yake ni mchochea moto, yaani mtu aliyewasha na kulisha tanuri la mashine ya mvuke. Kuendesha na kutunza vilikuwa kazi moja ya mtu mmoja. Dereva wa tajiri aliyenunua Minerva, gari la fahari lililoundwa Antwerp, alitarajiwa kujua kupaka grisi, kusafisha plagi na kuziba pancha.

Tangu mwaka 1986 katika bustani ileile ya Cinquantenaire kuna makumbusho ya magari yanayoitwa Autoworld, ambayo sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa awali ilitoka kwa Ghislain Mahy wa Ghent. Ukiyatazama magari ya zamani kama hayo utaona vikombe vya grisi na matundu ya oili yaliyowekwa mahali pa kufikiwa kwa mkono. Muundaji alijua kwamba dereva atashuka kila mara na kuyahudumia. Magari ya baadaye yaliyaficha mambo hayo. Dereva akabaki na usukani, na fundi akachukua kilichobaki. Hapo ndipo pengo lilipoanza: aliye barabarani hajui hali ya gari, na anayeijua hali yake hayuko barabarani.

Dola inaingia

Mwaka 1958 mambo mawili yalibadili sura ya Brussels. Jiji liliandaa maonyesho ya dunia, Expo 58, ambayo kwa ajili yake barabara kubwa zilipanuliwa na mahandaki ya magari kuchimbwa. Na Jumuiya za Ulaya zikaanza kufanya kazi, ofisi zake zikamiminika katika mtaa wa Leopold. Rue de la Loi, iliyojengwa kwa magari ya farasi, ikawa mkondo wa magari.

Soko la pamoja lilizaa swali ambalo nchi moja peke yake isingeweza kulijibu. Lori la nchi moja likikatikiwa na breki katika nchi ya pili, nani wa kulaumiwa? Na kama nchi moja inadai ukaguzi wa gharama na nyingine haidai, je, mwenye lori asiyekagua hatashinda kwa bei? Jibu lilikuja kwa Agizo namba 77/143 la tarehe 29 Desemba 1976. Liliziagiza nchi wanachama zikague mabasi, malori, teksi na magari ya wagonjwa kila mwaka. Gari la mtu binafsi halikuguswa mpaka mwaka 1991, agizo jingine lilipotaka likaguliwe baada ya miaka minne, kisha kila baada ya miaka miwili. Sheria inayotumika leo ni Agizo namba 2014/45 la tarehe 3 Aprili 2014, lililoanza kutekelezwa Mei 2018. Hilo hugawa kasoro katika mafungu matatu: ndogo, kubwa na za hatari. Gari lenye kasoro ya hatari linaweza kuzuiwa lisirudi barabarani.

Nchini Ubelgiji mwenye gari lililofaulu hupewa cheti cha kijani, na lililoshindwa hupata chekundu. Kuna pia waraka uitwao Car-Pass, uliokuwa wa lazima kuanzia Desemba 2006. Kila gari linapopita kwenye gereji au kituo cha ukaguzi, idadi ya kilomita zake huandikwa, na anayeliuza lazima ampe mnunuzi orodha hiyo. Ulibuniwa kuzuia ujanja wa kurudisha mita nyuma. Faida yake ni kubwa kwa matengenezo pia, kwani oili, mikanda na pedi za breki hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita. Mita ikidanganya, ratiba nzima ya sevisi hudanganya.

Dereva naye hakusahaulika. Agizo namba 2003/59 la mwaka 2003 liliwataka madereva wa mabasi na malori wahudhurie mafunzo ya saa 35 kila baada ya miaka mitano. Miongoni mwa masomo ni kulikagua gari kabla ya safari, kutumia breki pamoja na gia kwenye mteremko, na kuendesha bila kupoteza mafuta. Kwa hiyo sheria iliunganisha tena vitu viwili vilivyokuwa vimetengana: mkono wa dereva na macho ya fundi.

Wakaguzi wenyewe hawakusalimika na tabia ya kuchelewa. Jengo la Berlaymont, makao makuu ya Tume ya Ulaya, lilikamilika mwaka 1969 likiwa limejaa asbestosi, kitu kilekile kilichotumika kwa miaka mingi kwenye pedi za breki kwa sababu huvumilia joto. Vumbi lake husababisha saratani. Mwaka 1991 jengo lilihamwa, na Tume ilirejea mwaka 2004, miaka 13 baadaye. Marufuku kamili ya asbestosi katika Umoja wa Ulaya ilifika Januari 2005. Ufa ulioachwa ulijengewa ukuta, na ukuta huo ulikuwa wa ghali.

Mpaka wa ukaguzi

Sasa tuvuke katikati ya jiji hilohilo, hadi Heyvaert, mtaa wa Anderlecht na Molenbeek karibu na machinjio ya zamani. Kwa miongo kadhaa mtaa huo umekuwa soko la magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika, hasa Afrika Magharibi, kupitia bandari ya Antwerp. Mitaa hii miwili imeunganishwa na hesabu rahisi. Gari kuukuu likishindwa ukaguzi, na gharama ya kulitengeneza ikazidi bei yake, mwenyewe ana njia mbili: kulipeleka likavunjwe chuma chakavu, au kuliuza mahali ambako cheti hakiulizwi.

Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu biashara hiyo. Ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba takriban asilimia 40 yalikwenda Afrika. Mwaka huohuo wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walichunguza magari yaliyokuwa yakipelekwa Afrika kupitia bandari zao, wakakuta kwamba mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi wakati wa kuondoka. Gari lisiloruhusiwa kupita Rue de la Loi liliruhusiwa kupanda meli.

Afrika Mashariki tunapokea zaidi kutoka Japani, kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Lakini mantiki ni ileile. Japani ina ukaguzi wake uitwao *shaken*, unaorudiwa kila baada ya miaka miwili na wenye gharama kubwa, na gharama hiyo ni moja ya sababu za wenye magari kuyauza mapema. Hata Goma na Bukavu, ambako sheria ni kuendesha kulia, magari yenye usukani wa kulia ni ya kawaida kwa sababu huingia kupitia Mombasa na Dar es Salaam.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Kenya hukataa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina maana, lakini tuitazame vizuri: inapima umri, haipimi matunzo. Gari la miaka sita lililonyimwa oili ni bovu kuliko la miaka kumi na tano lililohudumiwa kwa wakati. Gari kuukuu na gari bovu si kitu kimoja, na sera inayovichanganya humfungia mlango mwananchi wa kipato cha chini bila kuhakikisha kwamba lililoingia ni salama.

Ushahidi wa barabara zetu

Kwamba matunzo hushinda umri, historia yetu inalo shahidi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari la aina waliyoizoea abiria wetu, na si chombo cha ajabu. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika mashindanoni. Gari la mtumba likashinda mapya. Joginder alitoka katika kazi ya ufundi wa magari, na sifa aliyoachiwa na watu wa rali ni ya dereva aliyejua kulihurumia gari.

Kulihurumia gari si maneno ya mapambo. Chukua mteremko wa Kitonga kule Iringa, au ule wa Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Dereva akikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, joto hupanda mpaka unyevu ule unachemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, kwa hiyo pedali huzama mpaka chini na gari haliitiki. Hapo dereva atasema breki zimemkatikia. Lakini chanzo ni viwili, na vyote vilikuwapo kabla ya mteremko: mafuta ya breki yasiyobadilishwa, na dereva aliyeacha gia kubwa au aliyeweka gia huru ili kuokoa dizeli. Angeshuka kwa gia ndogo, injini yenyewe ingelizuia gari na breki zingepumzika. Matengenezo na uendeshaji hapa ni kitu kimoja, na kinachopotea vikikosekana ni roho za watu.

Juhudi zetu za kisheria ni za kweli pia. Kuanzia Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki ziliyalazimisha matatu ya Kenya kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na Wiki ya Nenda kwa Usalama ambapo magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Lakini stika hueleza hali ya gari siku ile tu. Haielezi lilikotoka wala kilichofanyika tangu hapo.

Kumbukumbu isiyosomeka

Tumefika kwenye jambo linalotuhusu sisi wa chama cha Kiswahili kuliko mhandisi au waziri. Julai 2023 Tume ya Ulaya ilipendekeza kanuni mpya ambayo ingeruhusu kusafirishwa nje kwa magari yanayofaa kwenda barabarani tu. Tunaona hiyo ni hatua ya haki, kwani aliyeandika sheria ya kumlinda mpita njia wa Brussels hana sababu ya kumsahau mpita njia wa Bukavu. Hata hivyo, cheti pekee hakitoshi. Gari linaweza kufaulu ukaguzi leo na kuharibika mwakani, kama mnunuzi hajui mkanda wa ndani wa injini ulibadilishwa lini.

Habari hiyo kwa kawaida ipo. Imeandikwa kwenye kitabu cha sevisi na kwenye karatasi za ukaguzi. Lakini gari la Japani huja na kitabu cha Kijapani, na hata redio huzungumza Kijapani. La Brussels huja na karatasi za Kifaransa au Kiholanzi. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Goma huzitia kwenye droo ya dashibodi, na huko hukaa mpaka gari linapouzwa tena. Maisha yote ya gari yamo mle ndani, na hakuna wa kuyasoma. Fundi, ambaye kwa ujuzi wake angeweza kuzuia hasara, huanza kubahatisha upya.

Ndiyo maana tunapendekeza kazi ambayo chama chetu kinaiweza: kuandaa daftari dogo la sevisi kwa Kiswahili, lenye ukurasa wa oili, wa breki, wa matairi, wa rejeta na wa mikanda, na nafasi ya tarehe, kilomita na saini ya fundi. Pembeni kuwe na orodha ya maneno ya Kijapani, Kifaransa na Kiholanzi yanayoonekana sana kwenye karatasi za magari, pamoja na maana zake. Maneno tusiyabuni mezani. Tuyachukue gerejini, kwa mafundi wenyewe, wanaosema rejeta, klachi, plagi na bushi bila kusubiri kamusi. Walimu wetu wa tafsiri na isimu watusaidie kuyahakiki, na mafundi watuambie kama ukurasa unatumika kwa mikono yenye grisi. Kiasi cha kurasa ishirini kinatosha kwa kuanzia.